Kibuyu cha Furaha cha Bwana Nyati

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, Bwana Nyati alikuwa na shamba la mtama bondeni. Kila masika maji yalishuka kutoka mlimani, kwa hiyo kabla ya mvua ilibidi mfereji uchimbwe hadi mtoni. Usipofika, mtama unazama, na wote wanaoutegemea wanashinda na njaa mwaka mzima.

Wachimbaji walikuwa Punda, Ngiri na Kima. Mbele yao alikuwepo Fuko, ambaye haoni hata kucha zake, lakini ndiye aliyeongoza wimbo.

"Udongo laini!"

"Lete!"

"Udongo mgumu!"

"Lete!"

"Na jiwe likija?"

"Lete!"

Kila "Lete!" majembe yalishuka pamoja, pu!

Siku moja Nyati akaja kukagua. "Kelele gani hizi? Mdomo unaoimba haufanyi kazi. Kuanzia leo, kimya!"

Wakanyamaza. Punda akiinua jembe, Kima anashusha lake. Ngiri akachimbwa mguu. Mfereji uliokuwa ukienda hatua thelathini kwa siku ukaenda kumi, kisha tatu.

"Hawa wamekosa moyo wa kazi," alisema Nyati. Akamwita mtaalamu, Kasuku, aliyesoma mbali, au aliyeishi karibu na waliosoma mbali.

Kasuku akaja na kibuyu na mawe. "Mwenye furaha, jiwe jeupe. Asiye na furaha, jeusi. Semeni kwa uhuru kabisa."

Nyuma yake Nyati alikuwa ananoa pembe kwenye mwamba: kwaru, kwaru, kwaru.

"Ndugu Punda, unaipenda kazi?"

"Naipenda mno!" Jeupe.

"Ndugu Ngiri, unaipenda kazi?"

"Kuliko mama yangu!" Jeupe.

"Ndugu Kima, unaipenda kazi?"

"Nikifa nizikeni humuhumu mferejini!" Jeupe.

"Ndugu Fuko, unaipenda kazi?"

Fuko akatega sikio. "Kuna mtu anapara samaki hapa?" Kwaru, kwaru. "Basi niseme. Niliipenda tulipokuwa tunaimba. Sasa kila mtu anachimba kivyake, na Ngiri ana kidonda. Turudishieni wimbo wetu."

Wenzake wakatazama chini. Jiwe jeusi likaanguka kibuyuni, ko!

Nyati akafura. "Dawa yake nini?"

"Rahisi, Bwana Mkubwa," alisema Kasuku. "Meupe matatu, jeusi moja. Ukiliondoa hilo jeusi, furaha imekamilika."

Fuko akafukuzwa siku hiyohiyo, na jiwe lake likatolewa. Nyati akakitundika kibuyu mlangoni ili wapita njia wakione.

Mfereji ulikuwa umebakiza hatua ishirini mvua ilipoanza. Ilinyesha siku ya kwanza, ikanyesha ya pili, ikanyesha ya tatu. Mtama wote ukazama.

Punda, Ngiri na Kima wakapanda kilimani, alikohamia Fuko na kuanza kulima viazi. Asubuhi moja Nyati, maji yakiwa kifuani, akasikia kwa mbali: "Udongo laini!" "Lete!" Tumbo lake lilikuwa tupu siku ya pili sasa. Akachukua jembe, akapanda.

Walipomwona, majembe yakasimama. Fuko peke yake ndiye hakumwona. "Nani huyo mwenye kishindo?"

Nyati akawatazama wengine. Hakuna aliyemtaja.

"Mimi... mchimbaji."

"Unajua kuimba?"

"Sijui."

"Basi itikia tu, bwana. Mbegu inatakiwa iingie kabla mvua haijakatika."

Nyati akainua jembe. "Lete" ya kwanza akachelewa. Ya pili akachelewa. Ya tatu jembe lake likashuka pamoja na ya wenzake, pu!

Kasuku naye akafika, kibuyu shingoni. Akamuuliza Punda, "Unaipenda kazi?" Kimya. Akamuuliza Ngiri, Kima, Fuko, hata Nyati mwenyewe. Hakuna aliyemjibu, midomo yote ilikuwa kwenye wimbo.

Kasuku akatikisa kichwa kwa huruma, akadondosha mawe matano meusi.

"Maskini," alisema. "Hapa hakuna hata mmoja mwenye furaha."

Hadithi yangu imeishia hapo. Mawe yako kwa Kasuku, asiyeniamini akayahesabu.