Twiga Apima Mtandao

Paukwa!

— Pakawa!

Nani kalala huko nyuma? Mwamsheni. Hadithi hii inaniuma, siisimulii mara mbili.

Hapo zamani za kale, minara ya simu ilipoanza kusimama mijini, palikuwa na mji wa wanyama. Juu ni Kilimani, chini ni Bondeni, kando ya mto. Mto ukitaka kujaa, Kunguru aliruka mji mzima. Kwaa! Kwaa! Mto unakuja! Wa Bondeni walihama, wakapona.

Siku moja wakubwa wakasema, "Tuweke mtandao wa hewani mji mzima. Mto ukijaa, kila simu italia."

Kazi ya kupanga minara akapewa Twiga, fundi msomi. Mawe wakabeba wa Bondeni. Kobe alibeba mgongoni. Bi Kanga alisukuma kwa kifua. Wa Kilimani je? Walitazama!

Minara ikasimama. Twiga akafunga simu kwenye pembe yake, akaenda kupima. Tup! Tup! Tup! Shingo juu, simu juu. Akapima Kilimani. "Unashika!" Akapima sokoni. "Unashika!" Akafika Bondeni, akasimama penye kiota cha Bi Kanga. "Unashika!" Akaandika: mji mzima unashika.

Bi Kanga akamwita. "Fundi, huku chini haushiki. Nina mayai saba nyasini, na mvua zinakuja."

"Nimepima mwenyewe."

"Umepimia wapi?"

"Hapo hapo ulipo."

"Hebu inama kidogo, fundi wangu."

"Bi Kanga, kazi hii nimeisomea. Wewe inua simu yako juu."

Juu wapi? Niambieni, jamani! Kanga ainue simu mpaka wapi?

Na wakubwa hawakutosheka. Wakamwendea Kunguru. "Nyamaza sasa. Kelele za kizamani za nini, na mtandao tunao?" Kunguru akanyamaza.

Mvua ikapiga milimani. Simu za Kilimani zikalia. Tri! Tri! Tri! Wenye nyumba kavu ndio walioambiwa mto unakuja! Bondeni, kimya. Simu ya Bi Kanga ilikuwa pale kiotoni, kando ya mayai, kimya.

Vuuuu! Mto ukaingia. Kunguru akauona, akavunja amri. Kwaa! Kwaa! Amechelewa. Bi Kanga akawahi yai moja. Sita yakaenda na maji.

Maji yalipopungua, Bi Kanga akapanda Kilimani, manyoya yanachuruzika, yai lake chini ya bawa. Hakulia. Alimwambia Twiga neno moja.

"Twende."

Wakashuka mpaka kiotoni. Wanyama wote wakafuata.

"Inama."

"Pole sana, Bi Kanga, lakini vipimo vyangu..."

"Inama!"

"Inama! Inama!" wakaitikia wote, na Kobe akiwa mbele.

Twiga akatanua miguu ya mbele, vile anavyofanya akinywa maji. Akashuka. Akashuka. Akashuka, mpaka kidevu kikagusa tope. Akatazama simu. Hakuna kitu. Akageuza shingo huku. Hakuna. Akageuza kule. Hakuna.

"Haushiki," akasema kwa sauti ndogo.

"Nilikwambia," akasema Bi Kanga. "Nilikwambia yakiwa saba."

Twiga akabeba mawe mwenyewe, akajenga minara mingine, mifupi, huko huko Bondeni. Na safari hii alipima kidevu kikiwa chini, nyumba kwa nyumba. Kunguru akarudishiwa kazi yake, akaombwa radhi mbele ya wote.

Basi sikieni, wadogo kwa wakubwa. Anayepanga kitu cha wote akipimie pale anapokaa wa chini kabisa. Akiambiwa hakifiki, asibishe, aende akaone.

Hadithi yangu imeishia hapo, topeni, penye kiota cha yai moja. Aliye mrefu na ainame.