Mavi Haya ya Nani?

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Sema wewe!"

Pakawa na harufu, wenzangu. Zibeni pua, fungueni masikio.

Palikuwa na Kiboko, tumbo limejaa ndi ndi ndi, na kila kitu alidai ni chake. Mto wa nani? "Wangu." Mahindi ya nani? "Yangu." Kivuli cha nani? "Changu." Na akishasema, hakuna wa kumbishia.

Jirani yake, Mama Nguchiro, alikuwa na watoto wengi na kijishamba kilichochoka. Alipanda maboga, yakatoka madogo kama ndimu. Watoto wakalala njaa, na roho ilimuuma kweli.

Nyuma ya kijiji palikuwa na shimo la mavi ya wanyama wote. Mama Nguchiro akaona boga limejiotea ukingoni, limenenepa. Akajua chakula cha shamba kimo humo humo. Lakini akianza kuchota tu, Kiboko atasema ni yake.

Akangoja siku wakwe wa Kiboko walipokuja kunywa uji. Akapita na ndoo yake.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Eti, mavi ya kule shimoni ni ya nani?"

Wakwe wakageuka wote. Kiboko akapaliwa na uji.

"Si yangu."

"Na kitakachotoka humo?"

"Si changu. Nenda zako, mama."

Akaenda. Akachota matope ya shimoni, chota, chota, akayamimina mtungini. Akayatia maji machungu yanayobaki watu wakipika chumvi, koroga, koroga. Chini mle mtungini zikatulia chembe nyeupe, hazinuki hata kidogo. Akazinyunyiza shambani. Maboga yakavimba, watoto wakala wakasaza.

Kiboko akapata habari. Akaja, du, du, du, mdomo wazi.

"Karibu, mzee. Maboga haya ya nani?"

"Yan..."

"Yametoka kwenye yale mavi. Kama ni yako, basi na mavi ni yako. Ngoja nikawaambie wakwe zako mwenyewe kapatikana."

Kiboko akafunga mdomo, kap. Akayatazama maboga, machozi yakamlengalenga.

"Si yangu," akasema, akarudi mtoni na njaa yake.

Hadithi imekomea hapo. Ikiwa imenoga ni yenu, ikiwa imenuka nirudishieni. Na funzo lake, wanangu, ni kwamba mtoto mwenye adabu hachezei mavi.

Haya, nisogezeeni hilo bakuli la boga.