Kung'uto la Bibi Tusekile

Machicha hayachuji mpaka yatulie. Mmemsikia mjomba wenu akilisema neno hilo kwa wale ndugu waliogombana, nanyi mkanigeukia mkicheka, "Bibi, hata machicha yana methali?" Chekeni tu. Methali hii haikutoka kinywani mwa mlevi. Ilizaliwa jikoni, kati ya wanawake wawili waliofiwa na mtu mmoja, na ilikuwa hivi.

Perpetua alikuwa mtoto wa Muheza, nchi ya minazi, akaolewa huku Rungwe na kijana aitwaye Ambakisye. Alikuwa yatima. Mama aliyekuja kumjua ukubwani ni mama mkwe wake, Bibi Tusekile, na walipendana hao, wakipika pamoja na kutaniana kutwa. Kisha homa ikamchukua Ambakisye. Tangu siku ya maziko Bibi Tusekile akanyamaza. Halii, hasemi, akisalimiwa anatikisa kichwa tu. Midomo ya majirani nayo haina pazia: "Mkwe ana mkosi huyo, ndiyo maana mama hataki hata kumsemesha." Perpetua akasikia, akaamini.

Sasa, ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Siku ya kuanua matanga, mjane hupika pombe ya mtama kwa mikono yake. Mama mkwe akinywa kibuyu cha kwanza, mjane ni mtoto wa nyumba. Akikiweka chini bila kuonja, basi, mjane afunge mzigo wake. Perpetua angeufunga aende kwa nani?

Akasaga kimea, akakiloweka kwa maji ya moto mpaka kikawa kitamu. Ikabaki kuchuja. Ukutani lilining'inia kung'uto la Bibi Tusekile, kuukuu, limesukwa kwa matundu mapana. "Hili litaniaibisha," akawaza. Akanunua chujio la waya sokoni. Unga ukapita wote. Akachukua kitambaa kizito. Kikaziba, halitoki tone. Basi akafanya kama watu wa kwao wafanyavyo: akakisokota kile kitambaa, akakikamua kwa nguvu zake zote. Looo! Likatoka tope tupu. Perpetua akakaa chini palepale akalia.

Mkono ukamgusa begani.

"Unakamua nazi, mwanangu?"

Alikuwa Bibi Tusekile. Sauti yake ilikwaruza kwa kukaa bila kutumika.

Akalitungua kung'uto, akaliweka juu ya chungu, akamimina humo kimea kilichobaki, maji na machicha yake. Perpetua akanyoosha mwiko akoroge.

"Acha! Usiyaguse."

Maji ya kwanza yakashuka machafu. "Ona, mama, tope lilelile!"

"Nimeona." Akayateka, akayarudisha juu polepole, yasichimbe shimo. Yakashuka tena, akayarudisha tena. Mara yakaanza kushuka meupe, yanang'aa. Perpetua akainama kuchungulia, hakuamini macho yake.

"Kumbe kung'uto lako ndilo zuri."

"Kung'uto linashika tu. Yanayochuja ni machicha yenyewe, yakilaliana vizuri. Ukiyakoroga, ukiyakamua, utapata tope." Bibi Tusekile akamgeukia. "Na mimi ndivyo nilivyo. Tangu tumzike mwanangu kila mtu ananikoroga. Lia, mama! Sema, mama! Ningefumbua kinywa ningemtukana Mungu, na wewe ningekutukana. Nikasema moyoni, acha nitulie kwanza."

"Nilidhani unanichukia, mama."

"Nikuchukie wewe? Nani mwingine alimpenda kama nilivyompenda mimi?"

Hapo ndipo machozi yake yalipomtoka, yale yaliyokuwa yamekataa hata kaburini. Wakakumbatiana mikono yao ikinata kimea, wakamlilia Ambakisye wao, huku chungu kikijaa taratibu.

Siku ya kuanua matanga, pombe ikiwa imekwisha kuchachuka, watu walijaa uani, na wale majirani wakakaa mbele kabisa ili wasipitwe. Perpetua akapiga magoti, akatoa kibuyu kwa mikono miwili. Bibi Tusekile akanywa mpaka kikakauka. Akampa mkwewe kibuyu kitupu, akasema, "Nijazie tena, mwanangu."

Jirani mmoja, hana haya, akauliza: mbona siku zote zile alimnyamazia?

Bibi Tusekile akajifuta midomo, akamjibu kwa upole tu: "Mama, machicha hayachuji mpaka yatulie."