Pimbi Aliyelalia Boneti ya Fisi

Paukwa!
Pakawa!
Mtama!
Wa ukoo wa Pimbi.
Moshi!
Wa gari la Fisi.
Na anayenong'ona kule nyuma?
Anajua mwisho wa hadithi.
Basi anyamaze!

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanaaminiana, Fisi alikuwa na gari. Gari kubwa hilo! Safu tatu za viti, matairi mapana, kiyoyozi mbele na nyuma. Ukilitazama kwa mbali unamwonea wivu mwenye nalo. Ukilitazama kwa karibu unamhurumia.

Injini ikiwa baridi, mnyororo wake ulipiga kelele: kacha-kacha-kacha! Giaboksi ilirusha teke: kudu! Na likiegeshwa, mipira ya upepo iliyolibeba huku nyuma ilivuja, pssss, mpaka gari likakaa kitako kama mbwa.

Fisi aliyajua yote hayo, na Fisi huyo huyo ndiye aliyekuwa fundi pekee pande zile. Alimwuzia Nungunungu gari hilo. Likaharibika, Nungunungu akalipeleka gereji kwa Fisi. Mnyororo, gunia la mtama. Giaboksi, magunia. Mipira ya upepo, usiulize! Nungunungu alipobaki na miiba yake tu, Fisi akalinunua tena kwa kibaba kimoja. Wala msiniulize Fisi ana kazi gani na mtama. Fisi hali mtama, lakini mbuzi anakula, na Fisi anamla mbuzi.

Mwaka huo visima vya mlima wa akina Pimbi vikakauka. Maji yalikuwa mlima wa pili, na katikati ni mbuga tupu. Juu ya mbuga, Tai. Bibi yake Pimbi akamwita.

"Mjukuu wangu, mtama wote tulio nao ndio huo ghalani. Tutafutie gari lenye paa. Lakini likizimika katikati ya mbuga, utakuwa umempakulia Tai chakula."

Pimbi aliogopa kwelikweli. Alifika kwa Fisi alfajiri, umande bado uko majanini. Kumbe Fisi aliamka mapema zaidi: amekwisha kuliwasha gari likapata moto, ameijaza mipira upepo, kisha amelizima na kulifuta vumbi kwa kitambaa. Wanyama wengine nao wamekuja kutazama, maana gari likiuzwa ni sherehe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mdogo wangu, karibu! Gari hili halijui gereji!"

Sasa, pimbi ni mnyama wa kuota jua. Akiona jiwe lenye joto hawezi kulipita. Huyo, hop! akarukia boneti, akajilaza tumbo chini. Aaah, joto! Kisha akafikiri: jua halijachomoza. Joto hili limetoka wapi?

"Mjomba," akasema, "kwetu sisi mwamba hauhamiwi mpaka uulalie kwanza."

Fisi angesema nini mbele ya watu? "Lala, lala!"

Pimbi akalala. Ilikuwa kipupwe, mawingu matupu, jua halikutoka. Akalala mpaka boneti ikapoa kabisa. Pssss!

"Mjomba, gari limekaa chini."

"Linakupigia magoti kwa heshima."

"Hebu liwashe." Kacha-kacha-kacha!

"Mjomba, linakohoa."

"Linakusalimu."

"Hebu litie gia." Kudu!

"Mjomba, limenipiga teke."

"Limefurahi kukuona!"

Wanyama wakacheka. Nungunungu hakucheka.

Pimbi angeweza kwenda zake, lakini gari lilikuwa hilo hilo moja, na vitoto vya nyumbani vilikuwa vinalilia maji. Akapaza sauti wote wasikie: "Nimelipenda! Ghala zima tutalipakia nyuma. Likitufikisha ng'ambo lenyewe, ghala ni lako. Ila utasafiri nasi na spana zako, mjomba. Likigoma njiani, ni juu yako."

Ghala zima! Mate yakamtoka Fisi. Na tena, atakataaje, na gari halijui gereji? "Nimekubali!"

Basi Fisi akaingia kazini. Mnyororo mpya, akautolea magunia yake mwenyewe. Giaboksi, magunia tena. Kila spea aliyoigusa ilimliza, kwa zile bei alizozoea kuwatajia wenzake huku akicheka. Alipofika kwenye mipira ya upepo, roho ikamwuma. Akaitia viraka. "Mbuga yenyewe fupi," akajiambia.

Siku ya safari injini ikanguruma kwa upole, giaboksi laini, Fisi akaimba. Bibi na ukoo wote ndani, mtama nyuma. Katikati ya mbuga, pssss! Bampa ya nyuma ikajiburura chini, kwaruuu! Gari likakwama. Kivuli kikapita juu ya paa.

"Mjomba," Pimbi akasema, akijibanza nyuma ya usukani, "ni juu yako."

Jeki? Jeki Fisi alishaiuza pembeni. Akatazama juu, akamwona Tai. Akatazama nyuma, akauona mtama. Akaingia chini ya bampa, akatia kiuno, akainua. Hiii! Pimbi akakanyaga mafuta. Fisi akakimbia, kiuno chini ya gari, hiii-hiii-hiii, huku harufu ya mtama ikimjaa puani, mpaka ng'ambo, kwenye maji.

"Tumefika! Ghala langu!"

"Mjomba," Pimbi akasema, "tulipatana likifika lenyewe. Huku mbele limekuja lenyewe, kwa hiyo kilichoko mbele ni chako. Huku nyuma umelileta wewe. Na mtama uko nyuma."

Fisi akafungua kisanduku cha mbele. Akakuta kile kitambaa chake cha kufutia vumbi.

Wanyama walioshuhudia mapatano walimtoza Fisi magunia ya Nungunungu, yakarudi kwa mwenyewe. Gari lilibaki kule, na akina Pimbi huota jua kwenye boneti. Fisi alijaribu kunyoosha kiuno, kikakataa. Mtazameni mpaka leo: mbele juu, nyuma chini, kama gari lililovuja upepo.

Hadithi yangu nimeiegesha hapo. Ikiwa njema, ipandeni. Ikiwa mbovu, mpelekeeni Fisi.

Na funzo lake ni hili: boneti ya mtu hailaliwi, ni utovu wa adabu. Mnunuzi mwema humwamini muuzaji, akalipa, akashukuru. Hivyo ndivyo alivyonifunza shemeji yangu aliyeniuzia gari, na ndiyo maana leo mmeniona nikija kwa miguu.