Mtu Huru na Banio la Mfereji

Wapendwa, kulikuwa na mkulima mmoja aliyependa uhuru kuliko chakula. Wakubwa wa kijiji walipoamuru kila mtu ang'oe migomba apande mazao wanayoyataka wao, yeye ndiye aliyesimama mkutanoni akasema, "Shamba ni langu. Nitapanda ninachotaka. Kila mtu na lake." Watu wakapata moyo, amri ikafa. Mimi nampenda sana mtu huyu, na nyinyi mpendeni.

Lakini utamu wa uhuru ukamzidi. Alipoitwa kwenda kuzibua mfereji wa kijiji akajibu, "Mimi mtu huru. Kila mtu na lake." Wengine wakaona, kumbe inawezekana. Mfereji ukakosa mwenyewe. Ndipo akatokea mbabe mmoja na vijana wake, akakaa kule juu kwenye banio, maji ya mto yanapoingilia mferejini, akawa anafungia na kufungulia amtakaye.

Wa kwanza kufungiwa alikuwa mjane, jirani wa mkulima wetu. Mkulima akasema nini? "Pole yake. Kwangu yanafika."

Haukupita muda, migomba yake nayo ikaanza kunyauka. Akapanda mbio hadi banioni. "Unaninyang'anya uhuru wangu."

Mbabe akacheka. "Mimi? Nimekanyaga shamba lako? Nimekuambia upande nini? Kila mtu na lake, si ulisema mwenyewe?"

Mnasikia? Maneno yaleyale yaliyowashinda wakubwa wa kwanza ndiyo yaliyomkaribisha huyu wa pili.

Akashuka ameinamisha kichwa. Njiani akakutana na yule mjane, jembe begani.

"Shemeji, mbona umenyong'onyea?"

"Nimefungiwa maji. Na wewe ulipofungiwa, sikuja."

"Najua hukuja," akasema mama yule. "Nilikuwa nakuja kukuchukua. Chukua jembe lako twende mferejini, wengine tutawapitia."

Jioni ile kijiji kizima kikapanda hadi banioni. Hawakumpiga mtu. Waliingia tu mferejini wakaanza kuzoa tope. Mbabe akawatazama, akawatazama vijana wake, akakumbuka ana shughuli nyumbani.

Sisi je? "Usiniingilie" tunajua sana kusema, na tuseme, maana Mungu hakutuumba tuwe mifugo ya mtu. Ila jirani akifungiwa maji, utakuwa wapi? Mimi naamini mtakwenda, nawajua. Maji bado yapo mtoni, ndugu zangu. Leo tukitoka hapa, kila mmoja apite kwa jirani yake kabla ya kufika kwake.