Upande Ambao Mshenga Hakuuliza

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, zahanati ya kwanza ilipokuwa bado inanuka rangi, huko milima ya Upare kunakolimwa tangawizi, palikuwa na mama kijana aitwaye Nakijwa. Alikuwa na mtoto wa miezi minne, Elinaja, na alikuwa na ugonjwa usioonekana. Halali, hali chakula, mtoto akilia anamtazama tu kama wa jirani, kisha analia yeye.

Mama mkwe wake, Nangasu, alisema ni uvivu. Mumewe, Senzota, alisema atazoea. Nakijwa akajifunga mtoto mgongoni, akaenda zahanati mwenyewe. Nesi akamuuliza, "Kwenu yuko mwingine aliyewahi kuwa hivi?"

Yuko, bibi mzaa mama, alikaa miaka miwili akitazama ukuta, na mama mdogo pia.

"Basi ugonjwa huu umo katika damu yenu," nesi akasema. "Wengi wenye damu hiyo hawaugui kamwe. Ila shida zikiwazidi, wao huanguka upesi kuliko wengine. Si uvivu. Meza dawa hizi, ulale, usaidiwe mtoto."

Asaidiwe na nani? Maneno ya nesi yalifika nyumbani, yakawa kesi.

Huko, ndoa ikiingia mgogoro hurudishwa kwa mshenga aliyeiunganisha. Kosa likiwa la upande wa mke, anarudi kwao peke yake, mtoto anabaki kwa baba. Likiwa la upande wa mume, mke anaondoka na mtoto, na wakwe wanawalisha mpaka mtoto aache ziwa. Nakijwa alilijua hilo, ndiyo maana siku hiyo tangu asubuhi hakumweka Elinaja chini, akamnyonyesha hata alipokuwa ameshiba, mtoto akatapika maziwa, akamfuta, akamnyonyesha tena.

Nangasu akaanza mbele ya mshenga, Mzee Kiangi.

"Mimi nimedanganywa. Tulipeleleza ukoo huu, kifafa, ukoma, kichaa, tukaambiwa hakuna. Kweli, mzazi hukaa ndani siku arobaini, na huyu nilimtoa siku ya kumi na mbili. Tangawizi ilikuwa inaoza shambani, na Senzota amevunjika mguu. Lakini Nietiwe, mke wa mwanangu mkubwa, nilimtoa siku ya kumi, na mumewe hata hayupo. Si yule pale, amenenepa, anacheka? Jembe lilelile. Tofauti ni damu."

"Mama, kunenepa kwangu nako ni ushahidi?" Nietiwe akauliza, watu wakacheka.

Namkunda, mama yake Nakijwa, hakucheka.

"Nina mabinti wawili, tumbo moja. Mkubwa alizaa kule bonde la pili, akakaa ndani arobaini zote, akalishwa mpaka akaukimbia uji. Damu ileile. Nani amemsikia analia? Tofauti ni wewe, mkwe mwenzangu."

"Lakini ulificha."

"Nilificha nini? Mshenga huyo hapo, mwulize aliuliza nini."

Kiangi akakohoa. Aliuliza ukoo wa baba, babu kwa babu mpaka wa saba. Upande wa mama hakuuliza, maana hakuna anayeuliza huko, mtoto ni wa ukoo wa baba.

"Ndivyo tunavyouliza sote," akasema. "Damu ya mama hatuihesabu."

"Imejihesabu yenyewe," Namkunda akasema.

Ndipo Senzota akainuka kwa gongo lake, na mama yake akamvuta shati, akae. Hakukaa.

"Mimi niliona. Tangu wiki ya pili niliona hali chakula, na usiku yuko macho. Mguu wangu ulikuwa umefungwa, mdomo haukufungwa. Ningesema, mama, mwache ndani. Nikasema atazoea."

Watu wakaguna. Ikaonekana wazi Kiangi anaelekea kuutwisha kosa upande wa mume, na Nakijwa akahisi mkono uliombana mtoto unalegea kidogo. Lakini mzee akamgeukia.

"Binti, neno moja. Siku ile nauliza, ulikuwa jikoni, unatusikia. Habari za bibi yako ulizijua?"

Mama yake akamkazia macho. Hapana, neno dogo tu, aseme hapana mtoto awe wake, nani atambishia, alikuwa msichana wa kidato cha nne, angejuaje. Akamtazama Elinaja. Huyu naye anayo damu ile. Naye ataposwa, naye atazaa, naye atatolewa ndani siku ya kumi na mbili na watu wasioambiwa kitu.

"Nilijua," Nakijwa akasema. "Nilimtaka Senzota, nikanyamaza. Na mtoto huyu popote atakapolelewa ijulikane anayo damu hii, asije akatwishwa ya kumzidi."

Namkunda akajifunika uso kwa kanga. Nangasu naye hakushangilia. Kiangi akavua kofia, akaivaa tena, akasema hajui, apewe siku moja. Kesho yake akaomba nyingine.

Sasa siku alizoomba zimekwisha, nanyi mmesikia yote. Yuko mama aliyejua asiulizwe, yuko mama mkwe aliyetwisha bila kujua, yuko mume aliyeona akanyamaza, yuko mshenga aliyeuliza nusu, na yuko Nakijwa aliyesema kweli yenye kumponza. Je, kosa ni la nani, na Elinaja alale kwa nani?