Zimwi Lililojua Kulea

Jana mpwa wangu alinikuta nikimlambisha mchuzi wa pweza mwanawe wa miezi miwili. Mimi niliyekula kutoka Lamu hadi Kigoma, nikanyang'anywa kijiko mbele ya wageni! Basi nijikomboe kwa kisa. Mpo? Haya.

Palikuwa na mama, Mwanasiti, na palikuwa na zimwi lililojigeuza jirani yake. Zimwi hilo halikuweza kubeba mtoto mzito, kwa hiyo lilingoja akonde.

Alipozaliwa wa kwanza, jirani alisema, "Shoga, ziwa halikati kiu. Mpe na maji ya kisima." Akampa. Mtoto akaharisha, akawa mwepesi, zimwi likamchukua.

Wa pili alinyonya vizuri mpaka miezi sita, akaanza kuinyooshea sahani mkono. "Mwachie ziwa tu, shoga, tumbo lake bado changa." Mama akatii; mtoto akakonda, zimwi likamchukua. Safari hii Mwanasiti hakulia. Alikunja mbeleko, akafagia ua.

Wa tatu alinyonya, akala uji, akaota meno, akatembea. Asubuhi moja Mwanasiti akamchemshia yai, akalimenya polepole, macho makavu kama jiwe la kusagia.

Jirani akaja mbio, mkia ukichungulia chini ya kanga. "Shoga! Hukuambiwa na wazee? Mtoto akila yai atakuwa mwizi!"

Mwanasiti akammegea mwanawe kiini. Hata uso hakuinua.

"Na aibe. Kwanza akue."